Maneno ya Kusifia Ukumbi

Askari aliyekuja kunichukua shuleni alibisha hodi. Hilo ndilo lililonishangaza. Siku zile watu wa serikali hawakuwa na desturi ya kubisha. Huyu alisimama mlangoni pa darasa langu, kofia mkononi, akasubiri nimalize sentensi niliyokuwa nikiiandika ubaoni, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu wa Kiingereza ni wewe? Afande anakuita."

Wasichana wangu wote waliinamisha vichwa. Mwalimu mkuu alinisindikiza hadi kwenye gari. Alinishika mkono kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mfiwa. Nilipoketi kiti cha nyuma nilianza kusoma Yasini kimoyomoyo, nikakosea, nikaanza upya.

Nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba sitarudi. Kaka yangu mkubwa alikuwa akisimamia upakiaji wa mabehewa kwenye meli kule bandari ya Port Bell. Asubuhi moja, Ramadhani ilipokuwa inakaribia, aliondoka nyumbani kwetu Kasubi amevaa shati alilopigiwa pasi na mama, na wenzake wa kazini wakatuambia kwamba watu wawili walimwita kando getini, wakazungumza naye kwa adabu, akaingia ndani ya gari lao. Basi. Tangu siku hiyo mama alikuwa akipika chakula cha mtu mmoja zaidi, akikifunga kwa jani la mgomba na kitambaa, akikipeleka kambi hii na kambi ile. Kila mahali aliambiwa mtu huyo hayupo. Kila mahali walinzi walipokea chakula.

Sisi ni watu wa asili ya pwani. Babu wa babu yangu alikuja Buganda na msafara wa biashara, akaoa, akabaki, na Kiswahili hakikuwahi kukatika nyumbani kwetu. Zamani majirani walikuwa wakitutania kwa hilo. Miaka ile waliacha utani. Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya wenye bunduki, na mama akiniita kutoka uani, mpita njia aliyekuwa nje ya ua aliongeza mwendo. Baba, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani barazani, alituomba tuseme Kiluganda tukiwa nje. "Si kwamba tunaona aibu," alisema. "Tunawahurumia. Tusiwatishe watu bure."

Gari halikwenda kambini. Lilipanda hadi kwenye jengo jipya lililokuwa likimaliziwa kwa ajili ya mkutano wa marais wa nchi nyingine. Mafundi walikuwa bado juu ya ngazi. Nilipelekwa hadi kwenye ukumbi mkubwa kuliko wowote niliokuwa nimewahi kuingia, viti vyake bado vimevishwa nailoni, mazulia yamekunjwa ukutani, harufu ya rangi na gundi imejaa. Kapteni mmoja alikuwa ameketi peke yake safu ya mbele. Alikuwa mtu mrefu, mzito wa kusema, wa ukoo wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza na kuachwa huku. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Wageni kubwa nakuja. Hii nyumba iko na ukumbi mingi. Watu yangu itatembeza wageni, itasema kwa Kiingereza, hii ni ukumbi gani, iko namna gani. Sasa wao nasema tu 'good, very good'. Hiyo ni aibu kwa nchi."

Nilishikilia kiti kilichokuwa mbele yangu. Sikuwa nimeitwa kufa. Nilimuuliza ni lini nianze.

"Umeshaanza," akasema.

*

Darasa langu lilikuwa la watu mchanganyiko: askari, wahudumu wa hoteli, na wasichana waliochaguliwa kwa sura. Mmoja wa wasichana hao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akiishi hosteli huko Wandegeya, na Kiingereza chake hakikuwa na haja ya mwalimu. Alikuwa Mganda, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeiba kitu. Alikuwa ameamriwa aje, kama mimi. Tukawa marafiki tangu siku ya kwanza.

Niliwaambia kwamba katika lugha yoyote maneno yana ndoa zake. Kwa Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga hodi, wala hakuna anayeumia. Usingizi ni mzito, lakini hatusemi usingizi mnene. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Neno "hall" lina wenzake waliolizoea, na ukilitenga nao, msikilizaji anajua wewe ni mgeni. Nikaandika ubaoni. Ukumbi wa kuingilia ni "entrance hall". Ule wa karamu ni "banquet hall". Ukiwa na nafasi tele ni "spacious hall", na ukiwa wa fahari ni "grand hall". Watu wakijaa pomoni, "packed hall", kama gunia lililoshindiliwa. Asipokuwapo mtu, "empty hall". Mwanga ukiwa hafifu, "dim hall". Upepo ukipenya kwenye nyufa mpaka ukatamani shali, "draughty hall". Sauti yako ikikurudia, "echoing hall".

Hilo la mwisho tulilijaribu. Kila mmoja alisimama akapaza neno lake, na ukumbi ukamjibu. Mpishi mmoja mnene aliita "banquet!" na sauti ikamrudia kama mtoto anayemwigiza, watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke kusikia watu wazima wakicheka pamoja bila kuangalia mlango.

Kapteni, aliyekuwa akiketi nyuma, aliinuka akaja ubaoni.

"Hii 'dim' ni nini?"

"Mwanga hafifu, afande. Giza kidogo."

"Hapa hakuna giza." Akachukua kitambaa, akalifuta. "Na hii 'empty'?"

"Tupu. Hakuna watu."

"Hapa hakuna tupu." Akafuta. Akafuta na la upepo. Alipomaliza, yalibaki sita ya kupendeza. "Fundisha ya kusifia tu," akaniambia, bila ukali, kama anayenipa ushauri.

Yule msichana aliniinamia sikioni. "Bambi, maskini," alinong'ona, "hata ukumbi una mambo yasiyosemwa."

*

Nyumbani, habari kwamba nilikuwa nikikutana na kapteni kila siku iliwagawa wazazi wangu. Mama alitaka nimuulize habari za kaka. Baba alikataa kabisa.

"Ukimtaja, utakuwa umewakumbusha," alisema. "Pengine wamemsahau mahali. Mtu aliyesahauliwa huenda akaishi."

"Na mtu aliyesahauliwa huenda akafa njaa," mama akajibu.

Waliyasema hayo chini kwa chini, kila mmoja akiniangalia mimi badala ya mwenzake. Mimi sikujua nani yuko sahihi. Asubuhi niliondoka nikiwa nimekubaliana na baba, na nilipofika Wandegeya nikiwa njiani nilikuwa nimeshakubaliana na mama.

Kapteni alikuwa ameanza kuniomba somo la peke yake, alasiri, wenzake wakiondoka. Alikuwa na hofu ya kuaibika mbele ya wageni, na hofu hiyo ilimfanya awe mwanafunzi mzuri. Tulikuwa tukitembea jengo zima, akitaja na mimi nikisahihisha. Siku moja tulifika kwenye ujia mrefu wenye milango pande zote mbili, nikamwambia kwamba Waingereza wengine, na Wamarekani zaidi, huita hata ujia kama huu "hall".

Akasimama. "Hata korido?"

"Hata korido, afande. Ikiwa ndefu ni 'long hall'. Ikiwa nyembamba, 'narrow hall'."

"Kama haina dirisha?"

"'Windowless'."

"Kama taa iko moja tu, kule mwisho?"

"'Dim'. Lile ulilolifuta."

Alikuwa akitazama sakafu, ambayo ilikuwa ya vigae vipya vinavyong'aa. "Na kama watu iko chini, imelala, imelaliana, hakuna mahali ya kuweka mguu?"

Nilijibu kama mwalimu kabla sijaelewa kama binadamu. "'Crowded'," nilisema. Kisha nikaelewa. Hakuwa akijifunza. Alikuwa akinieleza mahali alipokuwa ametoka, na labda alipokuwa akirudi jioni ile ile.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Nilimtajia jina la kaka yangu, jina la baba, kazi yake, na shati alilovaa. Niliyasema haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara. Hakugeuza uso.

"Usiseme tena hiyo jina ndani ya hii nyumba," alisema. Halafu, baada ya muda, kwa Kiingereza, polepole, akinyoosha mkono kama atakavyowanyooshea wageni: "This way, please, to the banquet hall."

*

Siku kadhaa zilipita. Mama alijua kwamba nimeshauliza, alinisoma usoni nilipovua viatu, na usiku alikuwa akinifunika shuka kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

Asubuhi moja kabla ya darasa kapteni aliniita jikoni, nyuma ya ukumbi wa karamu. Masufuria mapya yalikuwa bado yamefungwa karatasi. Alifunga mlango kisha akaufungua tena kidogo, ili ionekane kwamba hatufanyi siri.

"Mama yako iko napeleka chakula?"

"Ndiyo, afande. Kila siku."

"Mwambie aache."

Nilielewa. Hata hivyo nilimuuliza, "Amehamishwa?"

"Mwambie aache, mwalimu." Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi. "Mimi niliona yeye. Alikuwa mgonjwa ya kupigwa. Aliomba maji, nikampa. Asubuhi hakuamka. Mimi sikumpiga."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, misafi, kucha zimekatwa vizuri. Nimeifikiria mikono ile maisha yangu yote, na mpaka leo sijui kama aliniambia kweli yote au kipande tu.

"Amezikwa wapi?"

Alitikisa kichwa. Sijui kama alimaanisha kwamba hajui, au kwamba hakuzikwa.

Siku ile nilifundisha. Watu wakiniuliza niliwezaje, siwezi kueleza; hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliandika mstari mmoja ubaoni, nikaishia hapo. Nikabaki nimewapa mgongo. Yule msichana aliinuka bila kuambiwa, akaanza kuwaongoza wenzake kwa sauti ya kuimba, "the grand hall, the spacious hall," nao wakamfuata, mara nyingi, mpaka nilipoweza kugeuka. Tulipokuwa tukitoka alinifunga vizuri mtandio wangu uliokuwa umelegea.

Nilimkuta mama uani akikunja jani la mgomba juu ya wali. Nilimshika mikono yote miwili. Alinitazama, akaendelea kufunga, akakaza fundo la kitambaa, kisha akaketi chini pale pale kwenye majivu.

Baba alifunga mlango na madirisha mchana kweupe. Hatukuweza kutandika mikeka nje wala kuita watu, maana kuomboleza mtu ambaye serikali haikusema amekufa kulikuwa sawa na kuishtaki. Aliswali swala ya maiti asiyekuwepo, mimi na mama nyuma yake, watu watatu tu. Baba alikuwa na sauti nzuri ya kisomo, watu walikuwa wakija kutoka mbali kuisikia. Siku ile alisoma kwa mnong'ono. Mama alilia akiwa amejaza pindo la kanga mdomoni.

Kabla ya magharibi jirani yetu mmoja, mwanamke wa Kiganda ambaye hakuwa amekanyaga kwetu kwa zaidi ya mwaka, alikuja na matoke yaliyofungwa, yakiwa bado ya moto. Sijui alijuaje. Labda madirisha yaliyofungwa mchana yalimwambia. Aliyaweka kizingitini, akasimama, akatafuta neno.

"Poleni," alisema, kwa Kiswahili.

*

Siku ya majaribio ya mwisho alikuja mkubwa mmoja kukagua. Alikuwa na cheo cha kumfanya kapteni wetu asimame kama mlingoti. Alipita ukumbi kwa ukumbi na walinzi wake, na watu wangu walimwelezea vizuri. Walipofika ukumbi mkuu, alimsogelea yule msichana karibu sana.

"And what kind of hall is this?" aliuliza, akitabasamu.

Msichana alijua majibu yote. Lakini tabasamu lile, na ukaribu ule, vilimpokonya akili. Alitazama safu za viti visivyo na watu, akasema kitu cha kwanza alichokiona. "It is an empty hall, sir."

Kwa Kiingereza lilikuwa jibu sahihi kabisa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ila sauti yake ilirudi kutoka ukutani, empty, na yule mkubwa akaacha kutabasamu.

"Empty? Unasema wageni hawatakuja?"

Kapteni ndiye aliyepiga hatua mbele. "Sir," alisema, kwa Kiingereza chake kizito, "she say it is empty because all of us, we are waiting for you. When you enter, it is full."

Kisha mkubwa akacheka, na kwa kuwa yeye amecheka, wote tukacheka. Alimpiga kapteni begani mara mbili na kupita. Lakini akiwa mlangoni aligeuka, akamtazama msichana, kisha akamtazama kapteni, na alimtazama kapteni kwa muda mrefu zaidi.

Mchana huo huo kapteni alinipita bila kusimama. "Yule mtoto asilale hosteli," alisema.

Sikumpeleka mbali. Nilimpeleka kwetu, mama akamvisha buibui lake kuukuu, na asubuhi alipanda lori la samaki lililokuwa likielekea Busia, mpakani, ameketi karibu na dereva kama binti yake. Alivuka salama. Nilikutana naye Kisumu miaka mingi baadaye, mama wa watoto, ana duka la vitambaa. Tulikaa nyuma ya duka lake mchana mzima, na hatukuzungumzia kumbi.

Wageni walikuja, wakapita, wakaondoka. Mimi nilirudishwa shuleni. Niliusikiliza mkutano redioni kama watu wengine, na mtangazaji alitumia maneno yangu yote mazuri.

*

Miezi michache baadaye, asubuhi moja shule zikiwa zimefungwa, mwanamke alikuja barazani kwetu na kikapu kilichofunikwa. Baba alikuwa na watoto wake wa Kurani. Mwanamke alisalimia, akasema anamtafuta mwalimu wa Kiingereza.

"Mimi ni mke ya kapteni," aliniambia. "Alisema, siku mimi sitarudi, kuna mwalimu iko Kasubi, watu yake ni watu."

Mumewe alikuwa ameitwa kazini na hakurudi. Mwanamke mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye geti la kambi alikoishi naye miaka yote, na walinzi waliokuwa wakimpigia mumewe saluti walimwambia hawamjui mtu huyo. Walimtolea vitu vyake nje. Kikapuni alikuwa na pilau, na hakujua aipeleke wapi.

Baba aliwaruhusu watoto waende. Akamvuta mama ndani, na nilimsikia. "Unajua mume wake alikuwa akifanya kazi gani? Unajua yeye alikuwa wapi mwanetu akifa?"

"Najua," mama alisema. "Na huyu yuko barazani kwangu amesimama juani."

Alitoka. Nilidhani angalau angemtazama kwa chuki, maana alikuwa na haki nayo. Alimketisha, akampa maji, akamuuliza, "Alivaa nguo gani siku ile?" Yule mke alipoanza kueleza, alilia, na mama alimwacha alie mpaka mwisho. Kisha akamfundisha. Asivae dhahabu. Asiseme mume wangu ni ofisa. Aseme ni baba wa watoto. Asimwulize mwenye bunduki, amwulize anayefagia. Asikubali kuingia ndani hata akiambiwa mumewe anamsubiri. Mama alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu jinsi ya kupika, na kesho yake alijifunga buibui akaenda naye.

Walikwenda siku nyingi. Nyayo za mama zilipasuka. Hawakupata kitu, hapakuwa na kapteni wa pili wa kuwaambia waache.

Mwishowe baba, aliyekuwa amelainika kwa kumwona akifua nguo uani kwetu, alimwambia kwamba yuko tayari kumswalia mumewe, ili apate kukaa eda na moyo wake utulie. Mwanamke alimtazama kwa mshangao.

"Mzee, hapana," alisema. "Nani iliona yeye? Nani alikuja kuniambia? Usimswalie mtu yangu, labda iko hai."

Baba aliomba radhi. Hakulirudia tena.

Mwanamke alikaa nasi mpaka mvua zilipoanza, kisha akaamua kwenda kwa ndugu zake Arua, akiwa hajui kama ni mke au ni mjane. Mama alimsindikiza hadi kituo cha mabasi, akamfungia mihogo ya njiani, akasubiri pale kwenye matope mpaka basi likaondoka.